Kwa Nini Wazee Huendesha Gari Polepole, na Lipi Litupasalo Kufanya

Katika barabara za kata zetu, hasa siku za gulio na nyakati za jioni, yapo malalamiko yanayosikika karibu kila siku: "Mzee huyo wa mbele anatuchelewesha." Pikapu ya zamani inakwenda kilomita 35 kwa saa, nyuma yake zimepangana bajaji, daladala na lori la mchanga. Honi zinapigwa. Hatimaye dereva mmoja anaishiwa na subira, anatoka upande wake na kulipita gari hilo mahali penye kona. Mara nyingi hupita salama. Siku asipopita salama, anayezikwa si yeye peke yake.

Kwa hiyo suala la mwendo wa wazee barabarani si suala la adabu tu, bali ni suala la uhai. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mtu aliyefikia umri mkubwa huendesha gari polepole, lini upole huo humlinda, lini haumtoshi tena, na ni huduma zipi ambazo mwananchi anaweza kuzifuata kabla madhara hayajatokea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na hivyo ndivyo neno hilo litakavyotumika hapa. Ifahamike tangu mwanzo kwamba watu hawazeeki kwa kasi moja. Yupo mwenye miaka 75 anayeona na kusikia vyema kuliko mwenye miaka 55. Umri peke yake si ugonjwa wala si kosa.

Jicho na mwanga

Uendeshaji wa gari huanzia machoni. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayobadili umbo lake kila tunapohamisha macho kutoka kitu cha mbali kwenda kitu cha karibu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi hiyo hukakamaa hatua kwa hatua. Ndiyo maana mtu mzima huanza kusogeza gazeti mbali ili apate kulisoma. Barabarani, dereva hutazama mbele, hushusha macho kwenye kipimo cha mwendo, kisha huyainua tena. Jicho la kijana hufanya kazi hiyo bila mwenyewe kutambua. Jicho la mzee huhitaji muda mrefu zaidi kabla picha haijatulia, na katika muda huo gari linaendelea kwenda.

Jambo la pili ni mwanga. Mboni ya jicho, yaani kitundu kinachopitisha mwanga, huwa ndogo kadiri umri unavyosonga, na gizani haipanuki kama zamani. Wakati huohuo lenzi hupoteza uangavu wake na kupata rangi ya manjano. Wataalamu wa macho hukadiria kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya ule unaofika nyuma ya jicho la kijana wa miaka 20. Maana yake ni kwamba jioni ambayo kijana anaiona bado ina nuru, kwa mzee tayari ni giza. Mpita njia aliyevaa nguo nyeusi, baiskeli isiyo na kiakisi mwanga, au ndama aliyelala kando ya lami, vyote humtokea mzee akiwa karibu zaidi kuliko vinavyomtokea mwanawe.

La tatu ni mng'ao wa taa. Lori linapokuja mbele likiwa limewasha taa zote, kila dereva hupofuka kwa kitambo kidogo. Jicho lililozeeka hutawanya mwanga huo ndani yake na huchelewa kurudi katika hali yake ya kawaida. Dereva mwenye busara anayejijua kuwa hivyo hupunguza mwendo mara tu anapoona taa kwa mbali. Aliye nyuma yake, asiyesumbuliwa na mng'ao huo, huona tu gari linalopunguza mwendo bila sababu.

Juu ya mabadiliko hayo ya kawaida huja maradhi. Mtoto wa jicho huweka ukungu mbele ya kila kitu, lakini huondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa akaona tena. Presha ya macho ni hatari kwa namna nyingine: aghalabu huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Mtu anaweza kuona kibao cha mbele vizuri kabisa huku hamwoni mtoto anayekimbia kutoka upande wa kushoto.

Akili inayochuja mengi

Wengi hudhani kwamba mzee huchelewa kwa sababu akili yake imechoka. Ukweli una pande mbili.

Upande wa kwanza ni huu: muda kati ya kuona jambo na kulitendea huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ongezeko hilo ni dogo pale jambo linapokuwa jepesi na limetarajiwa, kama taa nyekundu iliyo mbele katika barabara tupu. Huwa kubwa zaidi pale mambo yanapokuwa mengi kwa pamoja. Fikiria makutano ya barabara karibu na stendi: bodaboda inatokea kushoto, mama mwenye beseni kichwani anavuka, daladala imesimama ghafla, utingo anapaza sauti, na pikipiki nyingine inapita upande wa kulia. Ubongo hulazimika kuchagua ni lipi la kulitazama kwanza na ni lipi la kulipuuza. Kazi hiyo ya kuchuja ndiyo inayokuwa ngumu uzeeni. Watafiti wa Marekani Karlene Ball na Cynthia Owsley walionyesha kwamba eneo ambalo mtu anaweza kulimaizi kwa mtupo mmoja wa jicho, bila kugeuza kichwa, huwa finyu kwa wazee wengi, na kwamba ufinyu huo huhusiana na ajali kuliko kipimo cha kawaida cha kusoma herufi ukutani.

Upande wa pili haujulikani sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya milioni moja wa rika mbalimbali. Waligundua kwamba kasi ya akili yenyewe katika kupima habari hubaki juu hadi karibu na umri wa miaka 60. Kuchelewa kunakoonekana kabla ya hapo hutokana kwa sehemu na viungo kuchukua muda mrefu zaidi kutenda, na kwa sehemu na tahadhari: mtu mzima hutaka kuwa na hakika zaidi kabla ya kuamua. Yaani sehemu ya ule tunaouita uzito ni uchaguzi. Anayesubiri gari lipite kabla ya kuingia barabara kuu huenda ameliona sawasawa na wewe. Ila hataki kubahatisha.

Hesabu ya mita

Tutazame jambo hili kwa hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde moja. Tuchukulie kwamba dereva kijana anahitaji sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na kwamba mzee anahitaji sekunde moja na nusu. Kabla breki hazijashika, kijana amekwenda mita 14 na mzee amekwenda mita 21. Kisha breki zenyewe, katika lami kavu na gari zima, huhitaji takriban mita 14 nyingine kulisimamisha gari. Kijana atasimama baada ya mita 28. Mzee baada ya mita 35. Hizo mita 7 zinazozidi ni ndefu kuliko gari dogo moja. Ndizo zinazotenganisha breki za ghafla na msiba.

Sasa mzee huyohuyo apunguze mwendo hadi kilomita 40 kwa saa. Muda wake wa kutambua hatari haubadiliki, lakini katika sekunde moja na nusu atakwenda mita 17 badala ya 21. Breki nazo zitahitaji mita 9 tu, kwa sababu nguvu ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Jumla ni mita 26. Kwa kupunguza kilomita 10 tu, mzee anasimama mapema kuliko kijana aliye katika kilomita 50. Alichokipoteza kwa umri amekirudisha kwa mwendo. Hiki ndicho kiini cha makala haya: mwendo wa pole ni njia ambayo dereva mzee huutumia kujinunulia muda ambao mwili wake haumpi tena.

Izingatiwe pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Pale kijijini penye kibao cha 50, mzee aendaye kilomita 45 hamcheleweshi mtu yeyote anayetii sheria. Mara nyingi yeye ndiye dereva pekee katika msafara huo asiye na kosa.

Shingo, miguu na dawa

Kuendesha gari ni kazi ya viungo pia. Ugonjwa wa viungo huifanya shingo isigeuke kwa upana wa zamani, hivyo kutazama nyuma ya bega kabla ya kuhama upande, au kurudi nyuma katika maegesho ya sokoni, huwa taabu. Magoti na vifundo vya miguu huchelewa kuhama kutoka kikanyagio cha mafuta hadi cha breki. Mkono wenye maumivu hauzungushi usukani upesi, hasa katika magari ya zamani ambayo usukani wake ni mzito. Usikivu ukipungua, king'ora cha gari la wagonjwa hufika sikioni kikiwa kimechelewa.

Dawa nazo zina nafasi yake. Mzee mmoja anaweza kuwa anatumia dawa ya presha, dawa ya kisukari na dawa ya maumivu kwa pamoja. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu, hasa mwanzoni zinapoanza kutumika. Dawa za kisukari zaweza kushusha sukari kupita kiasi endapo mtu hakula, na sukari ikishuka humletea jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Dawa za mafua na mzio, zile zinazonunuliwa dukani bila cheti cha daktari, nyingi huleta usingizi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa dawa si "nizinywe mara ngapi" tu, bali pia "naweza kuendesha gari nikizitumia?"

Sababu zisizohusu udhaifu

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kila mwendo wa pole ni dalili ya mwili kuchoka. Mstaafu hana mkuu wa kazi anayemsubiri saa moja na nusu asubuhi. Gari alilonunua kwa kiinua mgongo huenda ndilo gari lake la mwisho. Kila shimo analolikwepa ni akiba ya springi na matairi ambayo pensheni haiwezi kuyanunua kila mwaka. Mwendo wa wastani hupunguza pia matumizi ya mafuta. Zaidi ya hayo, aliyeendesha kwa miaka 40 ameona mengi. Anaijua kona ambayo lori lilipinduka, na kivuko ambacho watoto hutokea nyuma ya basi. Kumbukumbu hizo hukaa katika mguu wake wa kulia. Waliosema utu uzima dawa hawakukosea.

Katika nchi ambako ajali huchambuliwa kwa umri wa dereva, kama vile Uingereza na Marekani, sura ni ileile: madereva wazee huhusika kwa uchache katika ajali za mwendo mkali na za ulevi. Wengi wao hujiwekea mipaka wenyewe: huacha kuendesha usiku, wakati wa mvua kubwa au katika msongamano, na hufuata njia wanazozijua.

Pale upole usipotosha

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme upande wa pili. Katika nchi hizohizo, kiwango cha ajali za vifo kwa kila kilomita inayoendeshwa huanza kupanda baada ya umri wa miaka 70 na huwa juu zaidi kwa waliovuka 80. Sababu ya kwanza ni kwamba mwili wa mzee ni dhaifu: mgongano ambao kijana hutoka na michubuko, mzee huvunjika mbavu na kufariki siku chache baadaye. Sababu ya pili ni makutano ya barabara. Huko, hasa katika kukata kona kwa kuvuka njia ya magari yanayokuja, ambako kwetu ni kukata kulia, dereva hulazimika kukadiria kasi ya gari la mbele, kutazama wapita njia na kuamua, yote kwa sekunde chache. Kupunguza mwendo hakusaidii sana mahali ambapo uamuzi wenyewe ndio mgumu.

Tena mwendo wa pole una hatari zake. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa katika barabara kuu, au anayesimama ghafla katikati ya njia kwa kuwa ameshindwa kuamua, huwashtua walio nyuma. Hivyo kila dereva mzee, pamoja na jamaa zake, hawana budi kuzijua dalili zifuatazo:

- kupotea katika njia anayoipita kila wiki;
- mikwaruzo mipya kwenye gari, geti au ukuta isiyo na maelezo;
- kuchanganya kikanyagio cha breki na cha mafuta;
- kuingia makutano bila kuona gari linalokuja, mara zaidi ya moja;
- kutosoma vibao vya barabarani hadi avifikie;
- abiria kuanza kukataa kupanda gari lake.

Dalili moja inatosha kumpeleka mtu akapimwe. Zikiwa mbili au tatu, gari libaki nyumbani hadi daktari aseme vinginevyo.

Huduma za kufuata

Hatua ya kwanza ni kupima macho. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea asingoje hadi aone ukungu, kwani presha ya macho haina hodi. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Palipo na haja utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au kwa mtaalamu wa macho. Wazee hupewa kipaumbele katika vituo vya umma vya kutolea huduma za afya, hivyo usione haya kuulizia dirisha la wazee. Beba dawa zako zote katika mfuko mmoja ili mtoa huduma azione kwa pamoja. Mweleze kwamba unaendesha gari. Asipojua hilo hawezi kukushauri juu yake.

Hatua ya pili ni leseni. Muda wa leseni unapokwisha, uichukulie safari ya kuihuisha kuwa nafasi ya kujipima nafsi, si ya kulipia karatasi. Mataifa mengine yameweka taratibu maalumu: Uingereza leseni huisha mtu atimizapo miaka 70, na baada ya hapo huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Japani hutumia alama maalumu inayobandikwa kwenye gari la dereva mzee tangu mwaka 1997, ili wengine wampe nafasi, na tangu mwaka 2009 madereva wenye miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu na uelewa wanapohuisha leseni. Sisi hatuhitaji kungoja sheria ya namna hiyo ili tuwe waangalifu.

Hatua ya tatu ni barabara yenyewe. Kibao kilichofunikwa na matawi, alama za kivuko zilizofutika, tuta lisilo na rangi wala kibao cha tahadhari, na makutano yasiyo na mwanga, humuumiza mzee kabla ya kumuumiza mwingine. Barabara za wilaya na za mitaa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Mwananchi asiyejua barabara ipo chini ya nani apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, au kwa mtendaji wa kata, akitaja mahali hasa na kasoro iliyopo. Mabaraza ya wazee yanayo nafasi ya kuyakusanya malalamiko hayo na kuyafikisha kwa pamoja, maana sauti ya wengi husikika upesi.

Hatua ya nne ni kulitayarisha gari. Kioo cha mbele kisafishwe ndani na nje, kwani vumbi huongeza mng'ao wa taa. Taa zirekebishwe zisitazame juu. Kiti kiinuliwe hadi dereva aone barabara vizuri juu ya usukani, na vioo vya pembeni virekebishwe kabla ya kuwasha gari. Safari ipangwe mchana, na ikiwezekana njia ichaguliwe yenye kona chache za kukata kulia. Mkanda ufungwe hata kama safari ni ya kwenda msikitini, kanisani au sokoni tu.

Wajibu wa walio nyuma

Mzee ana wajibu wake: akae kushoto, awashe kiashirio mapema, na aonapo msafara umejipanga nyuma yake atafute mahali salama pa kusogea pembeni awapishe. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima. Lakini wajibu mkubwa zaidi uko kwa walio nyuma.

Honi haimfanyi mtu aone vizuri zaidi. Humwongezea jambo moja la kushughulikia wakati tayari ana mengi, na huenda ikamsukuma aingie makutano kabla hajawa tayari. Kumsogelea hadi karibu na bampa humfanya atazame kioo cha nyuma badala ya barabara. Madereva wa daladala, bodaboda na bajaji wakumbuke hesabu hii: katika kilomita 5 za barabara, tofauti kati ya mwendo wa kilomita 40 na kilomita 50 kwa saa ni dakika moja na nusu tu. Hakuna abiria aliyewahi kukosa jambo kubwa kwa dakika moja na nusu. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4.

Tukumbuke pia kwamba wazee wengi katika kata zetu hawana gari. Huvuka barabara kwa miguu. Barabara yenye upana wa mita 7 mtu mwenye nguvu huivuka kwa sekunde 6 hivi. Anayetembelea fimbo huweza kuhitaji 10 au zaidi. Katika sekunde hizo 10, gari la kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 220. Mzee alipoanza kuvuka, huenda gari hilo hakuliona kabisa.

Mazungumzo juu ya ufunguo

Hufika siku ambapo kuendesha hakufai tena, na siku hiyo ni nzito. Kwa mzee, gari si chombo cha usafiri tu. Ndilo linalompeleka kliniki, ndilo linalobeba mazao ya shamba na wagonjwa wa jirani usiku, na ndilo linalomfanya aitwe anapohitajika. Kumnyang'anya ufunguo mbele ya wajukuu ni kumvunjia heshima aliyoijenga maisha yote, na mara nyingi huzaa ubishi badala ya usalama.

Njia iliyo bora ni kuanza mapema, faraghani, na kwa lugha ya heshima. Mtoto anayeaminiwa na mzee, au rafiki wa rika lake, ndiye aongee, na aanze na jambo aliloliona kwa macho yake: "Baba, shikamoo. Jana pale makutanoni nilipata hofu. Naomba tuongozane tukapime macho." Asianze kwa kusema, "Umezeeka, acha gari." Mara nyingi jawabu si kuacha mara moja, bali kupunguza: kwanza usiku, kisha barabara kuu, kisha safari za mbali. Na kabla ya kumwomba mzee aache, familia iwe imeshaamua nani atampeleka kliniki, nani atampeleka ibadani na siku zipi. Mzee anayeombwa kuacha gari bila kupewa njia nyingine anaombwa kubaki kifungoni nyumbani kwake. Familia isiyo na uwezo huo, au inayoshindwa kuelewana, inaweza kumwendea Afisa Ustawi wa Jamii kwa ushauri.

Kwa sasa, tunapokutana na gari linalokwenda taratibu mbele yetu, yatosha kukumbuka kinachofanyika ndani yake. Yupo mtu anayepokea mwanga kidogo kuliko sisi, anayepima hatari kwa uangalifu kuliko sisi, na ambaye ameamua kupunguza mwendo ili asimuumize mtu. Tumwachie nafasi ya mita za kutosha, tungoje mahali penye uwazi, ndipo tumpite. Kawia ufike.